Mkimbiaji, jua kwanza ni nini kinachouma

Hapa Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, vijana hawahitaji kuhimizwa kukimbia. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, kisha Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wakaleta dhahabu kutoka Tokyo. Mazoezi yapo. Kinachokosekana katika klabu nyingi ni mtu anayeweza kutofautisha maumivu ya kawaida na jeraha.

Mimi huwahudumia wakimbiaji wanapoumia, na swali ninalotanguliza ni hili: maumivu yalianza ghafla au yaliingia polepole?

Yakianza ghafla, tafuta kilichoumia. Kifundo cha mguu kikipinda ukasikia kimeteguka, zilizovutika au kuchanika ni ligamenti, nyuzi zinazounga mfupa na mfupa. Ukiwa kasini ukashikwa nyuma ya paja kama umechomwa, huo ni msuli, au kano inayoufunga kwenye mfupa. Kwa yote mawili, siku 2 au 3 za mwanzo pumzisha sehemu hiyo, ifunge bendeji isiyobana kupita kiasi, na uinue mguu. Barafu ni shida huku kwetu. Kitambaa kilicholowa maji baridi kinapunguza maumivu. Najua nyumbani mama au shangazi atachemsha maji na kukukanda kwa nguvu. Ni mapenzi, lakini jeraha bichi likipashwa moto na kukandwa huzidi kuvimba. Mweleze kwa heshima asubiri.

Kifundo kisipoweza kubeba hatua 4, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo nyuma au kwenye ncha yake ukauma, nenda ukapigwe eksirei. Usibishane na hilo.

Maumivu yanayoingia polepole ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu huyazoea. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kushuka milima ni kawaida: paja linafanya kazi ya breki wakati linarefushwa, na kazi hiyo huuchosha msuli kuliko kupanda. Hayo huisha yenyewe. Ugoko ukiuma kwa urefu, upande wa ndani, punguza kilomita na ukimbie kwenye udongo laini. Lakini maumivu yakikaa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, yakaongezeka kila ukikimbia na hata kukusumbua usiku, huenda mfupa umepata ufa mdogo. Acha kukimbia, mwone daktari. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi peke yake isikurudishe barabarani.

Mfupa hufikia hapo kwa sababu mzigo umeongezwa haraka kuliko unavyoweza kujijenga. Mazoezi huuchosha mwili, na nguvu huja wakati wa kupumzika, kula na kulala. Kocha anayeongeza kilomita, kasi na milima katika wiki moja anadai vitu vitatu kwa mpigo. Ongeza kimoja, mwili ukikizoea ndipo uguse kingine.

Kwa mabinti nasema waziwazi, na makocha wanaume wasikie: hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa si dalili kwamba umekuwa mwanariadha kamili. Mara nyingi ni kwamba chakula hakitoshi kazi unayofanya, na mifupa inadhoofika kimyakimya. Ongeza matoke, maharage, maziwa, mayai, na uende kliniki. Kocha anayemsifu msichana kwa kukonda anamuumiza.

Baada ya kuteguka, uvimbe ukishaisha bado kifundo hakijapona. Ligamenti ikiumia, mguu hupoteza ule uwezo wa kuhisi umekanyaga vipi, ndiyo maana wengi huteguka tena palepale. Simama kwa mguu huo mmoja ukipiga mswaki, kila asubuhi na jioni. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Halafu ruka kwa mguu huo huo. Ukiruka bila maumivu, anza kukimbia polepole penye tambarare, na njia za mawe uziache kwanza.