Muulize mkojo unamtoka wakati gani

Bibi mmoja wa Mji wa Kale aliingia zamu yangu akakataa kiti. Alisimama karibu na mlango, buibui lake likinukia udi mwingi kuliko kawaida. Kadi yake ilikuwa imeandikwa mara tatu "maambukizi ya njia ya mkojo", na mara zote tatu alipewa vidonge. Mwandiko mmoja kati ya hiyo ulikuwa wangu, na mkojo wake sikuwa nimeupima.

Siku ile nilifunga mlango nikamuuliza taratibu: "Bibi, mkojo unakutoka wakati gani?"

Akainama. "Mwanangu, nikisikia tu maji ya kutawadha yakimiminika, ushatoka. Hata maji ya kunywa nimewacha."

Miaka yote nilikuwa nauliza kama mkojo unachoma. Swali la wakati ndilo linalotenganisha matatizo haya. Anayetokwa akikohoa, akicheka au akiinua ndoo, misuli yake ya nyonga imelegea. Anayeshikwa ghafla asifike chooni, kama bibi huyu, kibofu chake hujikaza kabla ya wakati. Wengine wana yote mawili. Na yuko ambaye kibofu ni kizima, ila magoti yanamuuma na choo kiko ng'ambo ya ua. Huyo muwekee chombo karibu na kitanda.

Wauguzi wenzangu, hapa Mombasa kwa asubuhi moja utahudumia Mswahili, Mgiriama, Mkamba, Mhindi na Msomali. Nimesikia ikisemwa kuwa wanawake wa kabila fulani hawana shida hii. Kweli, tafiti za Marekani zimeonyesha wanawake weupe hutaja zaidi mkojo wa kukohoa kuliko weusi, lakini hesabu ya umati haikwambii kitu juu ya mama aliye mbele yako. Nilichoona mimi kikitofautiana ni maneno. Mmoja atasema kiuno kimelegea, mwengine baridi imemwingia, mwengine swala haimtulii. Ukingoja neno lako la kitabuni, hutalisikia.

Pima mkojo kwanza, na sukari pia, maana kisukari huongeza mkojo. Kisha mpe daftari kwa siku 3: amekunywa nini na saa ngapi, amekwenda choo saa ngapi, umemponyoka akifanya nini. Asiyeandika, mjukuu atamwandikia. La bibi huyu lilijaa chai ya rangi na kahawa tungu. Tulipunguza hizo, tukarudisha maji, na akaanza kujizuia dakika chache kila haja inapomjia, akiongeza kidogo kidogo kwa wiki 6.

Kwa misuli iliyolegea, mazoezi aliyoyatangaza daktari Arnold Kegel mwaka 1948 bado ndiyo ya kwanza: kaza kama unayezuia upepo usitoke, bila kubana pumzi wala tumbo, mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi 3 angalau. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuona hakuna kitu.

Ila mama anayevuja mchana na usiku bila kukoma tangu uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu, usimpe mazoezi. Hiyo huenda ikawa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na kwa kawaida inahitaji upasuaji. Mwandikie rufaa siku hiyo hiyo. Mwenye damu kwenye mkojo naye vilevile.

Bibi alirudi baada ya Idi. Alivuta kiti mwenyewe.