Picha Isiyo na Maneno: Tuliyojifunza Wawili Sisi Katika Miaka ya Kusafiri na Kamera

Katika sanduku letu la picha imo moja ambayo mimi na mume wangu tumeibishania kwa miaka mingi. Yeye ameketi juu ya begi, mguu mmoja hauna kiatu, na kiatu chenyewe amekishika mkononi akiitazama soli iliyobanduka kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Nyuma yake kuna ukuta wa kijani na nusu ya benchi, basi. Hakuna kibao wala jengo la kututambulisha tulipokuwa. Mimi nashikilia kwamba hapo ni kituo cha mabasi. Yeye anaapa kuwa ni stesheni ya treni, tena katika safari nyingine kabisa. Picha inaonekana vizuri na rangi zake bado zimo, lakini hakuna kati yetu anayeweza kusema kwa hakika ni wapi na mwaka gani. Ni picha hiyo iliyonifundisha kwamba kupiga picha na kutunza kumbukumbu ni kazi mbili tofauti, na kwamba watu wengi, sisi tukiwamo, hufanya ya kwanza wakidhani wamekwisha kufanya ya pili.

Tulianza kusafiri pamoja mwaka 1999, tukiwa na kamera ya filamu na mikanda miwili ya picha 36. Picha 72 kwa safari nzima! Kila mmoja wetu alifikiri kabla ya kubonyeza kitufe, na mara nyingi tulishauriana kwanza kama jambo hilo lilistahili kupigwa. Safari yetu ya mwisho kabla ya kujiwekea taratibu ninazozieleza hapa ilikuwa ya siku 11, nasi tulirudi na picha zaidi ya 2,000 katika kamera na simu zetu. Ajabu ni kwamba safari ya kwanza naikumbuka karibu saa kwa saa, ilhali hiyo nyingine imeanza kunichanganya. Sidhani kwamba filamu ilikuwa na uchawi wowote. Tofauti ni kwamba zile picha 72 zilipotoka studio tuliketi kitandani tukazitandaza, tukasimuliana moja baada ya nyingine, kisha tukaandika nyuma ya kila moja. Zile 2,000 ziliingia kwenye kompyuta, na pale zikalala.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, akawataka wapige picha baadhi ya vitu na vingine wavitazame tu. Vitu vilivyopigwa picha vikiwa vizima ndivyo walivyovikumbuka kwa uchache zaidi. Lakini walipoivuta lenzi karibu kwenye sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Nami nilijiona humo. Mtu anapobonyeza kitufe na kupita, hukabidhi kamera kazi ya kuona; anapotulia na kuchagua kipande kimoja, hulazimika kukitazama kwa makini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kamera, unahusu kalamu. Jambo hili si geni: mwaka 1914 kampuni ya Kodak ilitoa kamera zenye kijidirisha kidogo mgongoni, ambacho mpigaji alikifungua akaandika tarehe na maneno machache juu ya filamu yenyewe, na mfumo huo ulidumu hadi mwaka 1932. Natamani usingekoma. Sisi tumejiwekea dakika kumi kila jioni ya safari kabla ya kulala. Tunachagua picha tatu au nne za siku hiyo, na kila mmoja anaandika sentensi moja au mbili kwa kila picha bila kuchungulia za mwenzake. Jina la jengo halina haja ya kuandikwa kwa urefu, kwa kuwa litapatikana hata baada ya miaka ishirini. Andika lile lisiloonekana: nani alisema nini, kulikuwa na harufu gani, mlikuwa mmechoka au mmefurahi. Katika picha moja ya ngazi ndefu za mawe, mume wangu aliandika, “Ngazi 214, nilizihesabu, mwanga wa asubuhi mzuri sana.” Mimi niliandika, “Hapa tulikuwa hatusemezani tangu jana usiku.” Yote mawili ni kweli, na picha yenyewe isingeeleza hata moja.

Saa ya kamera nayo ni kumbukumbu, ikiwa imewekwa sawasawa. Kila faili la picha hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, na kompyuta hutumia taarifa hizo kupanga picha. Simu hujirekebisha yenyewe unapovuka majira ya saa, lakini kamera nyingi hazifanyi hivyo, na matokeo yake ni kwamba picha za mume zinaonyesha alfajiri wakati za mke zinaonyesha adhuhuri ya mahali pamoja. Mwanzoni mwa kila safari ipige picha saa ya simu yako kwa kutumia kamera. Hata ukisahau kurekebisha, utaijua tofauti na kuisawazisha baadaye. Piga pia kibao cha kituo au tiketi kabla ya kuanza kupiga mahali papya. Si picha za kujivunia, ila ndizo zitakazomaliza ubishi kama wetu wa ukuta wa kijani.

Suala la kamera ipi ununue sitalizungumzia sana, kwa sababu simu ya kawaida ya siku hizi inatosha. Kosa lililotugharimu zaidi halikuwa la chombo. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga picha wa nyumba, na tulipopekua safari za miaka mitano tuligundua kwamba yeye karibu hayumo, huku mimi nimo mara nyingi mno, kijidoa kidogo chini ya jengo kubwa. Tiba ya kosa la kwanza ni kupokezana kamera, hata kama mmoja hajui kuitumia. Picha zangu nyingi zimeenda upande, lakini ndizo zenye mgongo wake, miwani yake iliyoegemezwa kichwani na namna anavyoikunja ramani vibaya. Tiba ya pili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usimpeleke mwenzako akasimame chini ya jengo. Mwache abaki hatua mbili au tatu kutoka kwako na jengo liwe mbali nyuma yake, ndipo uso utaonekana na jengo pia litaenea. Jua la utosini huweka vivuli vyeusi chini ya macho, hivyo mchana msogeze kivulini, na picha za uso zihifadhie asubuhi au jioni jua linapolala.

Mkitaka kuwa nyote wawili katika picha, kamera nyingi zina kipima saa cha sekunde 10, na ukuta wowote mfupi unafaa kuiwekea. Mkimwomba mpita njia, mpangieni kwanza: pigeni picha moja ya mfano, mwonyesheni, mwambieni asimame pale pale.

Niongeze jambo ambalo lilitugombanisha kweli. Anayependa kupiga picha husubiri mwanga, na asiyependa husubiri anayesubiri mwanga. Tumekubaliana kwamba mpigaji anayo nusu saa yake mahali tunapofika, nami sitamharakisha. Ikiisha, kamera inaingia mfukoni na tunatembea kama watu wengine. Vilevile kila mmoja ana haki ya kusema “hii hapana,” na mwenzake asibonyeze wala asiulize sababu. Tangu tuweke kanuni hiyo, nyuso zetu katika picha zimelegea.

Mkirudi, chagueni ndani ya wiki mbili, kabla shughuli hazijawameza. Kila mmoja wetu huchagua picha 40 peke yake. Zile zilizochaguliwa na wote wawili zinapita bila mjadala, na kwa zilizobaki kila mmoja anatetea zake mpaka tufikie 60. Hapo ndipo safari inaposafiriwa mara ya pili, maana huwezi kuitetea picha bila kueleza kilichotokea. Mume wangu alikuwa akizifuta zote zenye ukungu. Nilimzuia. Picha moja ambayo mkono wake umetikisika kwa kicheko naipenda kuliko milima yote aliyoipata vizuri.

Sasa uhifadhi, ambao tulijifunza kwa machozi. Mwaka mmoja tulirudi na picha za siku tisa katika kadi moja ya kumbukumbu, na nilipoichomeka kwenye kompyuta haikusomeka. Kwa papara nikairudisha kwenye kamera, nikakubali iandaliwe upya, yaani ifutwe ianze kama mpya, na tukaendelea kuitumia. Hilo ndilo lililotumaliza, kwa kuwa picha zilizopotea kwenye kadi mara nyingi huweza kuokolewa kwa programu maalumu, mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu yake. Zilizosalia ni 17 nilizokuwa nimemtumia dada yangu kwa simu, nazo zilikuwa zimebanwa mno zikawa ndogo. Tangu hapo tunafuata kanuni inayojulikana sana kwa watunza kumbukumbu: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwetu ni kompyuta, diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili zifunguliwe na kuonekana kwa macho.

Zile 60 tunazichapisha. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 yenye ubora, faili liwe na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zipatazo 1,200 kwa 1,800, kiasi ambacho hata simu ya zamani kidogo inakifikia, lakini picha iliyobanwa kwa kutumwa huenda isikifikie. Epukeni albamu zenye kurasa za gundi, kwani gundi hugeuka manjano na kuing’ang’ania picha, na msiziache picha za rangi kwenye jua. Nyuma ya karatasi ya kawaida penseli laini inafaa. Ile yenye utando wa plastiki haishiki penseli, hivyo ni afadhali maneno yaandikwe pembeni, kwenye ukurasa wa albamu.

Ile picha ya kiatu nayo tumeipa ukurasa wake mwaka huu. Mume wangu aliandika, “Stesheni ya treni.” Mimi nikaandika chini yake, “Kituo cha mabasi.” Kisha tukaandika pamoja lile ambalo wote wawili tunalikumbuka bila shaka yoyote: kwamba tuliifunga soli kwa utepe wa nywele zangu, na utepe ukadumu mpaka nyumbani.