Wasomaji Wauliza: Kwa nini gari la zimamoto huishiwa maji kijijini?

SWALI: Kijiji chetu kiko kilomita 40 kutoka mjini. Huku watu husema zimamoto huja bila maji. Je, jeshi hili ni la watu wa mjini tu? (Msomaji, Handeni)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri, ndiyo maana vituo vingi viko mjini. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania Bara nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Ama maji, piga hesabu. Gari la lita 5,000 likimwaga lita 500 kwa dakika, dakika 10 tu limekauka. Kijijini tegemeo ni bwawa au mto. Pampu ya gari hunyonya maji hayo iwapo usawa wake hauko chini ya pampu kwa zaidi ya mita 7 hivi, na ukingo ni mgumu kiasi cha kubeba gari zito. Chujio la mwisho wa mpira wa kunyonyea likigusa tope huziba. Likiwa juujuu huvuta hewa na pampu huacha kunyonya maji. Dawa yake ni kulilaza ndani ya karai au kikapu, lizame nusu mita. Kwa hiyo chagueni mapema sehemu moja ya ukingo, mfyeke njia ya upana wa mita 4 hadi hapo.

Moto ukitokea, pigeni 114 mara moja. Simu haina malipo. Tajeni kijiji, kata, kinachoungua, kama kuna mtu ndani, na maji yalipo. Kijana mmoja akasubiri njia panda. Ndoo zenu zielekezwe kwanza kwenye paa la jirani lililo upande upepo unakoelekea, kwa kuwa nyasi za paa zikishashika moto hufukuta ndani hata juu zikilowa. Nyasi zinazoungua zivuteni chini kwa ngoe ndefu.

SWALI: Mtu akitumbukia kisimani, nao wanahusika?

JIBU: Ndiyo, hiyo ni kazi ya uokoaji, namba ni ile ile 114. Tunawasihi sana: asishuke mtu kumfuata. Kisima kirefu huweza kukosa oksijeni, na pampu ya petroli ikiwashwa humo huacha hewa ya sumu isiyo na harufu. Anayeshuka huzimia, wa pili humfuata, nao hufia hapo wote. Kushusha taa kupima hewa hakusaidii, kwani taa huendelea kuwaka penye sumu hiyo. Zimeni injini, ondoeni watu ukingoni. Aliye na fahamu mteremshieni kamba yenye kitanzi akipitishe chini ya makwapa. Aliyezimia mwacheni kwa waokoaji wenye mitungi ya hewa mgongoni.