Usiwapange foleni watoto wa miaka minne, nakuomba

Mkuu, futa hiyo ratiba kabla ya Jumamosi. Nimeisoma mara mbili na damu inanichemka, si kwa sababu yako bali kwa sababu ya hao watoto kumi na wanne uliokabidhiwa uwafundishe mpira. Umesema wana miaka minne na mitano. Unataka michezo ya kujaza dakika 45, unauliza vikosi vipangweje, nani akae golini, na wazazi wanaopiga kelele pembeni uwafanyeje. Halafu ukaweka mpango wako: mistari miwili, koni sita kila mstari, mtoto anakokota mpira kwenda na kurudi, anayepoteza mpira anatoka nje.

Mpango huo naujua hadi nukta zake. Mimi nilipewa na mkufunzi wa semina ya makocha, filimbi shingoni, akatuchorea ubaoni kwa mishale mizuri, akasema watoto wadogo wanahitaji nidhamu kwanza, mpira utafuata. Nikaubeba mpaka uwanjani na nikaufuata msimu mzima. Umenigharimu watoto.

Fanya hesabu hapo ulipo. Kila mstari una watoto saba. Mtoto wa miaka minne kukokota mpira kwenye koni na kurudi ni sekunde 20, na hapo nimemfanya mwepesi. Mmoja anacheza sekunde 20, kisha anasubiri dakika mbili nzima wenzake sita wamalize. Ukienda hivyo dakika zote 45, bila kupoteza hata muda wa kufunga kamba za viatu, kila mtoto atakuwa amecheza dakika sita na ushee. Zaidi ya dakika 38 amesimama anatazama mgongo wa mwenzake. Hayo hayawezi kuitwa mazoezi ya mpira.

Na kwenye mstari huwa hawasimami kweli. Wanasukumana, wanang'oa nyasi, mmoja analala chifudifudi, mwingine anavua kiatu na kukirusha. Mimi nikiona hivyo nilipuliza filimbi, nikawarudisha kwenye mstari, nikaona hawa ndio watoto wasio na nidhamu tulioambiwa. Hapana! Mtoto wa umri huo akikaa dakika mbili bila la kufanya, anajitafutia la kufanya. Ndivyo mwili wake ulivyo. Aliyekosea ni aliyemweka pale, na nyuma yake yule mkufunzi ambaye sidhani kama amewahi kushinda saa moja uwanjani na watoto wa umri huu. Mpaka leo nina hasira naye, kwa sababu alizungumza kwa uhakika mkubwa na sisi tuliokuwa wapya hatukuwa na cha kupimia maneno yake.

Hilo la "anayepoteza mpira anatoka" ndilo baya kuliko yote. Fikiria nani anatoka wa kwanza. Ni yule ambaye miguu yake bado haijauzoea mpira, yaani mwenye haja nao kuliko wengine. Unamkalisha chini, na yule anayejua tayari anaendelea kujifunza. Nilikuwa na kijana mmoja, mwanzoni alikuwa anaingia uwanjani mbio huku mpira ameukumbatia. Katikati ya msimu akawa anang'ang'ania nguo ya mama yake pale getini. Nyumbani walimuuliza mpira unachezwaje, akajibu, "Unasimama." Mama yake alinisimulia kwa upole kabisa, na upole huo uliniuma kuliko angenigombeza. Mtoto hakurudi tena, na hakuwa peke yake.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: kila mtoto na mpira wake, na asiwepo anayesubiri zamu. Mchezo wowote utakaousikia, wangu au wa mtu mwingine, uulize kwanza kama kuna mtoto atasimama. Kama yupo, ubadilishe au uuache.

Haya, michezo. Anza na taa za barabarani. Wote ndani ya eneo moja, kila mmoja anakokota wake. Ukisema kijani wanakwenda, njano polepole, nyekundu wanakanyaga mpira na kuganda. Baada ya muda waachie wao kutaja rangi, utaona wanavyojisikia wakubwa. Mtoto atakayeongeza rangi ya zambarau mkubalie, muulize zambarau tunafanya nini.

Ukiona wamechangamka, nenda kwenye mikia. Kila mmoja anachomeka kitambaa nyuma ya kaptula, anajaribu kuvuta mikia ya wenzake huku akilinda wake. Cheza kwanza bila mpira, siku nyingine na mpira mguuni. Wewe shika vitambaa vya akiba. Aliyenyang'anywa anakuja kwako mbio, anapata mkia mpya, anarudi vitani.

Papa ndio mchezo watakaokuomba kila wiki. Wewe ni papa, wao ni samaki wenye mipira, unawakimbiza na kuipiga mipira yao nje. Hapa ndipo makocha wengi wanapoteleza wakaanza kuwatoa watoto. Samaki aliyepoteza mpira anaufuata, anaugusa kwa nyayo mara tano, mguu huu na huu, kisha anaingia tena baharini. Mtoto mmoja aligeuka simba katikati ya bahari na akagoma kabisa kuwa samaki. Nikamwacha, maana simba naye alikuwa anakokota mpira vizuri sana.

Upo na wa kusafisha chumba: gawa eneo kwa mstari wa koni, nusu ya watoto huku, nusu kule, mipira yote ndani. Kwa dakika moja kila upande unapiga mipira iende chumba cha jirani. Na mwishoni waambie wakupige wewe kwa mpira chini ya magoti, wakati unakimbia. Hapo wanajifunza kulenga bila kujua kama wanajifunza, na kicheko chao kinasikika mbali.

Kila mchezo usizidi dakika tano au saba. Kata wakati bado wanautaka.

Kuhusu vikosi, usipange namba. Mtoto wa miaka minne anacheza kando ya mwenzake kuliko kucheza naye, mpira kwake ni wake, na ukimpigia kelele atoe pasi unamwomba agawe kitu alichokipata kwa jasho. Wagawe wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, vijiwanja kadhaa kwa wakati mmoja, wachezee humo. Wala hili halijatoka kichwani mwangu. Ujerumani, tangu msimu wa 2024/25, chama chao cha soka kimefanya michezo midogo kuwa lazima nchi nzima kwa watoto: wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, na magoli madogo manne. Kocha Mjerumani, Horst Wein, alikuwa ameuhubiri mchezo wa watatu kwa watatu wenye magoli manne miaka mingi kabla ya hapo. Sababu ni ileile ninayokupigia kelele hapa: watoto wachache kwenye kiwanja kidogo, kila mguu unaufikia mpira.

Jambo moja zaidi, kwa sababu kwenye picha yako nimeona mipira mikubwa. Mpira namba 5 ni wa watu wazima, mzingo wake sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450. Mtoto akiupiga unamrudishia maumivu tu. Tafuta namba 3, mzingo wake haupiti sana sentimita 60, au mipira yoyote myepesi. Ikikosekana kumi na minne ya aina moja, changanya. Watoto hawajali rangi wala nembo, wanajali kama wanao.

Hesabu mipira uliyonayo leo usiku, namba 3 ni mingapi na namba 5 ni mingapi, uandike hapa. Kama haitoshi tuanzie hapo kabla hujagusa koni.