Kwa nyie mliookoka juzi na mnaanza kazi sokoni

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kwa vijana ambao mmeokoka karibuni na mnakuja Mbeya kutafuta maisha, hasa mnaoingia kwenye mazao, iwe viazi, mchele wa Kyela, maharage au maparachichi. Mimi kwetu ni Mufindi, huu ni mwaka wa 11 niko kwenye viazi, nilianza kama kijana wa kushona magunia, nikawa karani, saa hizi nanunua mwenyewe kidogo kidogo. Kuna mambo natamani ningeambiwa mapema.

Nilipookoka kwenye mafundisho ya waamini wapya nilielezwa dunia ni nini, nikaelewa ni baa, disko, wanawake na bangi. Sawa, hivyo nikaviacha, na kwa kweli havikunisumbua sana, nikaona basi nimeshaishinda dunia kilichobaki ni kukua kiroho. Hakuna aliyeniambia kwamba dunia inaweza kukuamkia saa 11 asubuhi imevaa koti la baridi, ikakununulia chai na chapati mbili na kukuita mdogo wangu.

Ilikuwa wiki yangu ya pili, tumeenda kupakia Isongole, ile barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, ukungu umeshuka hata fuso huioni vizuri. Nimepewa uzi na sindano. Mama mmoja mtu mzima kaleta viazi vyake, gunia limejaa mpaka mdomoni, mimi nikajua nashona. Mwenzangu akanishika mkono akasema bado, akavuta wavu akaunganisha juu ya gunia, ile tunayoita kilemba, akamwambia mama leta ndoo nyingine. Akaleta. Nyingine tena. Akaleta. Mikono yake imejaa udongo mweusi, nikamwona anachagua, vile vidogo anavitia kwenye kilemba na vikubwa anavirudisha kwenye ndoo taratibu kama anaiba vya kwake mwenyewe, mwenzangu akamwambia mama weka na vikubwa. Akaweka. Mimi nikashona. Akalipwa hela ya gunia moja, akasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka na ndoo tupu.

Hiyo ndio lumbesa. Mkulima analipwa kwa kuhesabu magunia sio kwa kilo, kwa hiyo kila ndoo inayoingia kwenye kilemba ni ya bure. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo wanalisema hili kila msimu, lakini ukifika shambani utaambiwa huku ndivyo tunavyofanya na ukikataa mama mwenyewe atapeleka kwa mnunuzi mwingine, na kweli atapeleka, mana hana pa kwenda na viazi vinaoza. Jioni ile nikaenda ibada ya katikati ya wiki, nikainua mikono nikaimba, na kucha zangu bado zina udongo wa yale magunia. Sikusikia hukumu yoyote moyoni, ndio kinachoniogopesha mpaka leo.

Sasa shika hapa. Aliyenifundisha kilemba hakuwa mtu mbaya. Alinilaza kwenye chumba chake wiki 3 bila kunidai hata mia, alinigawia ugali wake. Wewe unajiandaa kumkataa shetani, halafu anayekuja ni kaka anayekupenda, anakuonyesha kazi. Unaona ukimkatalia unamdharau, na sisi watu wa huku tumelelewa kuheshimu aliyetupokea. Nimeona vijana wengi wanarudi nyuma kwa njia hii kuliko kwa pombe, yani hakuna siku aliyoamua kumwacha Yesu, alikuwa anaheshimu wakubwa wa kazi tu.

Kwetu tunagema ulanzi, pombe ya mwanzi, kipindi cha mvua, unakata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, utomvu unadondokea kwenye chombo. Ule wa leo leo tunaita mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Uache tu ndani, usiweke kitu chochote, usikoroge, kesho kutwa ni mkangafu unaomwangusha mtu mzima. Kazi iko hivyo hivyo. Hakuna anayekuja kukuambia leo tunaanza dhambi. Kwanza unashona kilemba, halafu dereva anakuambia andika mafuta lita zaidi kwenye risiti tugawane cha juu, halafu hela ya cha juu unaona si ya mshahara wako basi unabetia, unatupia mkeka wa buku, siku umekula unatoa na fungu la kumi kabisa ukiamini umebarikiwa. Mimi nilifika hapo kwenye risiti. Kubeti sikubeti lakini sijisifu, mwenzangu mmoja tuliyebatizwa naye siku moja aliuza mpaka simu.

Kilichonigeuza ni Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi, ila siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya kilemba nasubiri fuso, nasoma kwenye simu. Chukizo. Hilo ndilo neno lililotumika. Halafu nikaenda Luka 3, pale watoza ushuru na askari wanamuuliza Yohana tufanye nini, mimi nilitegemea awaambie wafunge au waende mkesha, kumbe anawaambia msitoze zaidi ya mlichoagizwa, msimdhulumu mtu, mtosheke na mishahara yenu. Hakuwaambia waache kazi hata. Alienda moja kwa moja kwenye mkono unaopokea hela.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa, sema mapema. Wiki ya kwanza, kabla hujapewa sindano. Danieli aliazimu moyoni kabla chakula hakijafika mezani, na akaongea na mkubwa wake kwa adabu, akaomba ajaribiwe siku 10. Hakugombana na mtu. Mwambie kaka nashukuru umenipokea, kazi yoyote ngumu nipe nitabeba, ila kuzidisha kipimo na kuandika uongo mimi sitaweza, nimeokoka. Basi, usihubiri, usimwambie yeye anaenda motoni. Ukisema wiki ya kwanza watakucheka siku mbili wakuzoee, ukisema mwezi wa sita baada ya kula nao watakuona msaliti na watakuwa na haki kidogo.

Mimi nilisema nimechelewa. Bosi hakunifukuza ila alinitoa kwenye kushona akaniweka kwenye kubeba, nikabeba wiki 5 mgongo ukawa unawaka moto, mshahara umeshuka, na sitakudanganya kwamba Mungu alinilipa haraka. Kuna wahubiri watakuambia ukiwa mwaminifu leo gari linakuja kesho, panda mbegu tu. Hiyo nayo ni dunia, imeingia kanisani na maiki. Kazi ya ukarani niliipata miezi mingi baadae kwa mtu mwingine na kabla ya hapo kuna siku nililala na njaa, Yesu akiwa ni Bwana vile vile.

Lingine, tafuta kanisa wiki uliyofika. Najua mnavyosema, ngoja nipate hela ninunue shati na viatu ndio niende. Nenda na hayo hayo ya sokoni, kaa nyuma. Na usiishie ibada ya Jumapili ambako hakuna anayejua unashinda wapi, tafuta mama au baba mmoja wa kiroho anayejua bei ya viazi, anayeweza kukuuliza Jumanne, leo umeshona ngapi na umeshonaje. Wa kwangu ni mama anayeuza nyanya soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, hajasoma chuo cha Biblia lakini akiniangalia usoni siwezi kumdanganya.

Na fanya kazi. Mlokole anayekwepa mzigo kwa sababu alikuwa kwenye mkesha anamtukanisha Bwana kuliko mlevi anayebeba.

Baada ya yote nilisoma Zakayo nikakosa amani, mana yeye alirudisha mara nne. Mimi hiyo nne sikuwa nayo. Nikakaa na daftari nikaandika wakulima ninaowakumbuka, wakafika 14, nikaanza kuwapelekea kidogo kidogo kila nikipata. Yule mama wa Isongole hakunikumbuka kabisa, alizihesabu zile hela mara mbili akaniuliza ni za gunia gani, nikamwambia la kilemba, akakaa kimya, akaingia ndani akaniletea kigoda. Tukaongea mpaka ukungu ukashuka. Wanne bado sijawapata, daftari ninalo, na kila nikipita njia ile huwa nashuka kuulizia.