Kabla hujapuliza noti ya kwanza tamashani

Wadogo zangu mlioingia bendi mwaka huu, tamasha la kanda linakaribia na najua wengi wenu mmeanza kulala na karatasi za noti chini ya mto. Nimeketi kwenye safu ya yufoniamu, chombo cha shaba kama tuba ndogo, katika matamasha saba ya namna hii hapa Nairobi, na kila mwaka nawaona wageni wakijiandaa kwa bidii kubwa upande wa vidole tu. Wanafika wakizijua noti zao zote. Wakishakaa katikati ya wapigaji sitini ndipo wanagundua kwamba noti zao ni sehemu ndogo ya kazi. Ningependa ninyi mlijue hilo mapema.

Niwaeleze kwanza kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kinyamazo, yaani mahali pa kukaa kimya na kuhesabu, cha vipimo 24 vya mapigo manne manne katikati ya wimbo wa pili. Nyumbani nilikuwa nakiruka, kwa maana sikuona haja ya kufanya mazoezi ya kunyamaza. Jukwaani nikaanza kuhesabu: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne. Kwenye kipimo cha 15 au 16 macho yangu yakaenda kwenye meza ya majaji, na hesabu ikanitoka. Nikamtazama mwenzangu wa kushoto, naye alikuwa ananitazama mimi. Akainua chombo, nikainua changu. Tuliingia kipimo kizima kabla ya wakati, kwa nguvu, juu ya klarineti moja iliyokuwa ikiimba peke yake kwa sauti ya chini kabisa. Dada aliyekuwa akiipiga hakusimama, aliendelea mpaka mwisho wa sehemu yake, lakini niliona mabega yake yakipanda. Mpaka leo nikifunga macho nayaona mabega yale.

Hakuna aliyenikaripia. Tulipotoka, mzee wetu wa tuba, aliyekuwa amestaafu kutoka bendi ya askari, aliniita pembeni, akaomba karatasi yangu, akatoa penseli mfukoni. Juu ya kile kinyamazo akaandika maneno matatu: fluti, toazi, wewe. Akaniambia, "Kijana, namba zitakukimbia. Watu hawakukimbii. Jua nani anazungumza kabla yako." Kweli ilikuwa hivyo. Fluti zinapanda ngazi, toazi linalia mara moja, kisha ni zamu yangu. Nilikuwa nimeupiga wimbo ule miezi miwili bila kulisikia lile toazi.

Basi fanyeni hivi kabla ya jambo lingine lolote. Tafuteni rekodi ya kila wimbo tutakaoupiga, au rekodini mazoezi yetu kwa simu, kisha msikilize mkiwa na karatasi zenu mkononi bila chombo. Kila penye kinyamazo kirefu, andika kwa penseli ni nani anayekutangulia. Kila penye noti ndefu, andika ni nani mwenye wimbo wakati huo, maana hapo wewe ni mkeka na yeye ndiye aliyeketi. Usipomsikia yeye, wewe ndiye uliyepaza mno. Kalamu ya wino msiitumie, karatasi hizi zitapigiwa na wengine baada yenu.

Jambo la pili ni baridi. Tamasha letu huangukia Julai, na mnaijua Julai ya Nairobi: jiji limekaa juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, alfajiri ni nyuzi 11 au 12, na wingu halifunguki mpaka saa sita. Sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, tofauti ya takriban sentimita 60 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Hewa iliyo ndani ya bomba la tarumbeta ikipoa kwa nyuzi kumi, noti ile ile hushuka karibu theluthi ya nusu toni, na hiyo hata mama mboga aliyesimama mlangoni anaisikia. Mgeni akiona mashine ya kupimia sauti inamwambia yuko chini, husukuma bomba la kurekebishia ndani mpaka mwisho ili sauti ipande. Wimbo wa kwanza unakwenda sawa. Kufikia wimbo wa tatu, chini ya taa na pumzi za watu sitini, chombo kimepata joto, sasa kiko juu ya wote, na mwenyewe ameshasahau kwamba alilisukuma lile bomba.

Dawa yake ni uvumilivu. Ukifika, kitoe chombo kwenye kasha, kikumbatie, pitisha pumzi ya moto ndani bila kutoa sauti kwa dakika kadhaa. Anza na noti ndefu za chini. Ndipo upime. Na ukishapima, usiiamini ile mashine kuliko masikio yako, kwa sababu mashine haijui tuba imekaa wapi, na sauti ya bendi nzima imejengwa juu ya tuba. Lisikilize lile dude kubwa la nyuma, uketi juu yake.

Wenye klarineti na oboe za mti muwe waangalifu zaidi. Ule mti mweusi ni mpingo, huu huu wa kwetu Afrika Mashariki, ambao huvunwa hasa Tanzania na Msumbiji, ukapelekwa viwandani ng'ambo na kuturudia ukiwa na vifuniko vya fedha. Mpingo baridi ukipulizwa ghafla hupata joto ndani huku nje ungali baridi, nao unaweza kupasuka kutoka juu hadi kwenye tundu la kwanza. Nimeuona ufa wa aina hiyo asubuhi moja, mwembamba kama unywele, na mwenye chombo akiupitisha kidole bila kusema neno. Upashe joto kwapani au ndani ya koti kabla ya kupuliza. Na msije na ridi moja, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni. Mje nazo tatu zilizokwisha zoea mdomo wako, kwa sababu ridi mpya siku ya tamasha ni kama kiatu kipya siku ya mbio.

Sasa niseme na wale waliotoka bendi za Jeshi la Wokovu, maana najua mko wengi, na mimi ni mmoja wenu. Huko tulikolelewa, karibu kila chombo cha shaba, hata besi zile kubwa, husomwa kwenye klefu ya trebo (klefu ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayosema noti zisomwe vipi: trebo kwa za juu, besi kwa za chini). Tromboni ya besi peke yake ndiyo huachwa. Ni mpango mzuri, unamwezesha mtu kuhama kiti bila kujifunza vidole upya. Kwenye bendi ya konsati yenye klarineti na fluti mambo ni tofauti: tuba na tromboni ni klefu ya besi, na yufoniamu mara nyingi hivyo hivyo. Usikae kimya kwa aibu. Mwulize mwongozaji mapema kama kuna karatasi ya yufoniamu ya klefu ya trebo, kwa kuwa nyimbo nyingi huchapishwa na zote mbili. Kama haipo, wiki sita zinatosha kuizoea besi ukisoma robo saa kila siku. Siku mbili hazitoshi.

Vivyo hivyo mkiambiwa mpige B flati ya konsati, yaani sauti moja ambayo vyombo huiandika kwa majina tofauti, kila mmoja ajue anakamata nini bila kumchungulia jirani. Fluti, tromboni na tuba wanapiga B flati yenyewe. Klarineti, tarumbeta na saksofoni ya tena wanapiga C yao. Saksofoni ya alto ni G, honi ni F. Andikeni ndani ya kifuniko cha kasha mpaka iingie damuni.

Na mliokuja kutoka kwaya mkiwa na do-re-mi yenu, msiitupe. Anayeweza kuimba sehemu yake kwa sol-fa kabla ya kuipuliza hupatia sauti upesi kuliko anayetegemea vidole. Mimi huwaimbisha wote, hata wapiga ngoma.

Kuna kosa moja ambalo huniuma kila mwaka. Kwenye orodha yetu huwa na wimbo mgumu wa Ulaya au Marekani, na huwa na wimbo wa kwetu uliopangwa kwa ajili ya bendi. Wageni hukesha na ule wa kwanza, na huu wa pili wanaupiga kwa mazoea, wakidhani wanaujua kwa kuwa bibi aliuimba. Hapo ndipo bendi huanguka. Nyimbo zetu nyingi zina mapigo ya sita yanayogawanyika mara mbili huku ngoma nyingine ikiyagawa mara tatu, na usipojua wewe umekaa upande gani, mnavutana mpaka wimbo unakuwa mzito kama gunia lililolowa. Gawaneni vikundi viwili, kimoja kipige makofi mawili, kingine matatu, juu ya hesabu moja. Mkishaweza kucheka huku mkipiga, mmeiva. Na asije mtu kuwaambia kwamba bendi ni mambo ya kuazima tu. Watu wa Lamu na Mombasa walichukua tarumbeta na gwaride za askari wakatengeneza beni yao, ngoma iliyoiga bendi, tangu miaka ya 1890, wakatunga na mashairi ya kushindana mitaa kwa mitaa. Tamasha la Muziki la Kenya lenyewe lilianza mwaka 1927.

Kuhusu usafiri, fupi tu: tuba na ngoma kubwa zinapanda gari la kukodi, si matatu. Nyingine zote zinakaa mapajani mwa mwenyewe, hata makanga akikuhimiza uziweke nyuma.

Siku ya pili ya tamasha ndiyo ninayoipenda zaidi. Kila bendi huchagua wachache, wanaunganishwa kuwa bendi moja kubwa chini ya mwongozaji mgeni, wanafanya mazoezi tangu asubuhi na kupiga jioni. Utapangiwa kiti na watu usiowajua, pengine kiti cha tatu ilhali nyumbani wewe ni wa kwanza. Kipokee. Klarineti ya tatu ndiyo inayobeba noti za katikati za kodi, yaani noti zinazolia pamoja, na kodi bila katikati ni nyumba yenye msingi na paa bila kuta. Mwambie jirani jina lako kabla hujafungua kasha. Mwongozaji akisimamisha bendi azungumze na tarumbeta, teremsha chombo usikilize, kwa sababu anachowaambia wao dakika hii kinakuhusu wewe ukurasa unaofuata. Nimewaona wapigaji hodari wakikwaruza noti zao chinichini wakati wenzao wanafundishwa, na jioni wakaingia pasipo pao.

Majaji hutazama sauti, ulinganifu, uwiano wa safu, mapigo na namna wimbo ulivyoeleweka. Karatasi yao ikirudi tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Msikimbilie alama zilizoandikwa chini kabla ya maneno.

Mkishuka jukwaani, toeni maji kwenye vyombo, futeni, fungeni makasha, kisha mrudi ukumbini. Msiende kutafuta chipsi. Kaeni upande wa safu yenu na kusikiliza chombo chako kwenye bendi nyingine: pale mwenzako anapovuta pumzi, pale anapopunguza ili oboe ipite. Mengi niliyonayo kwenye yufoniamu niliyapata nikiwa nimekaa vile, koti limefungwa hadi shingoni, nikimtazama mtu wa bendi nyingine ambaye sikuwahi kuzungumza naye.

Jumamosi nitakuwa ukumbi wa mazoezi kuanzia saa moja na nusu, nusu saa kabla ya wengine. Anayetaka tupitie vinyamazo vyake aje na karatasi na penseli. Chombo anaweza kukiacha kwenye kasha.