Mwanangu, ndoa ya Kikristo nje ya kanisa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma pamoja na baba yako. Unauliza kama wewe na mwenzio mnaweza kufunga ndoa hapa nyumbani Moshi, mkiongozwa na mwalimu wa kikundi chenu cha maombi, bila kupitia usharika wowote. Tena unauliza kama Mungu ataihesabu kuwa ndoa.

Nianze na hilo la Mungu. Isaka alimwingiza Rebeka hemani, akawa mkewe, kuhani hatajwi. Boazi alimtwaa Ruthu mbele ya wazee langoni pa mji. Hata Kanisa Katoliki lilikuja kuweka sharti la padre na mashahidi katika Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, mwaka 1563. Kabla ya hapo ridhaa ya wawili ilitosha, na tatizo likawa ndoa za siri: mtu anaoa kimyakimya, kesho anamkana mkewe. Kwa hiyo mimi siogopi ndoa isiyo na altare. Naogopa ndoa isiyo na watu wa kuishuhudia.

Sasa sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Kiongozi wa dini hafungishi ndoa mpaka awe na leseni, na leseni hizo hushughulikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mwulizeni mwalimu wenu, bila kumwonea haya. Kama hana, atahubiri na kuwaombea, lakini ndoa mkafunge kwanza bomani, kwenye ofisi ya serikali, kisha mje nyumbani kwa ibada.

Hapo bomani uwe macho. Katika taarifa yenu semeni wazi kwamba ni ndoa ya mke mmoja. Ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani kwa taratibu za Kikristo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki katika imani. Ya bomani inaweza kugeuzwa, ingawa ni kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili. Kwa hiyo hata miaka ikipita, hata ukibembelezwa vipi, karatasi ya namna hiyo usiitie sahihi. Nakuambia haya kama mama, na mkwe wangu mtarajiwa simdhanii ubaya.

Katika ibada, jambo kubwa ni viapo. Msisome kwenye simu. Mvikariri, mviseme kwa sauti ambayo bibi yako aliyekaa nyuma ataisikia: mume mmoja, mke mmoja, katika afya na ugonjwa, hadi kifo. Kabla ya viapo, anayeongoza awaulize watu kama kuna mwenye pingamizi, na anyamaze kwa kitambo cha kutosha. Wasimamizi wawe mke na mume mnaoweza kuwapigia simu usiku mkigombana. Rafiki anayependeza kwenye picha atapata kazi nyingine. Baada ya pete, wazazi wa pande zote mbili tuwawekee mikono. Baba yako ameomba asome Zaburi ya 128 yeye mwenyewe, nami nimemkubalia. Nyimbo chagueni zile ambazo wazee wanazijua bila kitabu.

Mahari na mshenga havibadiliki. Wazee wa ukoo hawataelewa kikundi chenu, ila mahari wanaielewa.

Usharika wetu nao una utaratibu wake: aliyefunga ndoa nje huzuiwa kwenye Meza ya Bwana mpaka ndoa ibarikiwe. Unasema hilo halikusumbui. Mimi linaniuma, na sitakuficha. Ndiyo maana naomba, kabla hamjapeleka taarifa bomani, mje wote wawili tukamwone mchungaji aliyekubatiza. Hatuendi kumwomba ruhusa. Ayasikie kutoka kinywani mwako, asiyasikie sokoni.

Niandikie tarehe mapema. Mbuzi wa ndafu baba yako ameshaanza kumtafuta.

Mama yako